Jodari anayeomba kuliwa

Huku Marekani kuna kopo la jodari lenye picha ya jodari mwenyewe, kavaa kofia nyekundu na miwani. Jina lake Charlie, na kampuni ya StarKist wanamtumia kwenye matangazo tangu 1961. Kofia ningeisamehe. Kinachonishinda ni kisa chake: anahangaika avuliwe atiwe koponi, na kila mara anakataliwa. Anajigamba kwa ustaarabu wake, naye anajibiwa kuwa kinachotakiwa ni jodari mtamu, si jodari mstaarabu. Basi samaki wa watu anabaki na huzuni kwa kukosa kuliwa!

Nshajua mtakalosema. "Huyo kesha kuwa mzungu, hata kopo analitolea hotuba." Semeni. Mie mtoto wa Wete, Pemba, nimekua nikitumwa diko, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Kwetu samaki hachekeshi mtu. Unamfunua matamvua uone kama bado mekundu, unambonyeza ubavu, unamtazama jicho. Anayesema ni muuzaji, tena anasema kweli kweli, anaapa wallahi katoka majini sasa hivi, na wewe barafu unaiona imemganda mkiani. Lakini ukidanganywa unamjua aliyekudanganya, na kesho unamfuata pale pale mkagombane. Na Charlie nikagombane naye wapi?

Sisemi kwetu kila kitu kizuri. Nzi mnawajua, mizani ndiyo usiseme, na jodari mkubwa akitua tu, mahoteli washamchukua. Kopo la huku lina tarehe na uzito wake umeandikwa. Hapo ndipo ninapozidi kukasirika: watu wenye mizani ya haki namna hiyo, samaki wa uongo wa nini?

Wala si samaki peke yake. Kellogg's, kampuni ya vyakula vya asubuhi, wana chui milia, Tony, tangu miaka ya 1950, anauza mahindi yaliyopakwa sukari. Chui milia na mahindi wapi na wapi! Chile waliona imezidi. Sheria yao iliyoanza kutumika 2016 iliwaondoa vikaragosi kwenye maboksi ya vyakula vya watoto vyenye sukari nyingi.

Kuna atakayeniuliza, "Na sungura wetu wa hadithi je, hasemi?" Anasema, tena kuliko wote. Lakini lini sungura aliomba kutiwa chunguni? Ujanja wake wote ni wa kukwepa meno ya simba.

Na nyie wa uchumi wa buluu, wa mali za bahari, msije mkasema dagaa wetu nao watiwe miwani ndiyo wauzike nje. Dagaa wa Zanzibar wanafika mpaka Kongo, wamechemshwa kwa chumvi na kuanikwa juani, hawakuvishwa kofia na mtu. Mkishindwa kabisa kuuza mfuko bila ya picha, wekeni ya akina mama wanaowaanika. Na hiyo picha muwalipe.