Panya Kwisa

Leo saa kumi na mbili kasorobo nimeamshwa na mwanamume anayepiga kelele dirishani kuhusu panya. Nikafungua mdomo nimtukane, kisha nikaitambua sauti. Ni yangu.

Sasa mtu anajitukana vipi na hajapiga hata mswaki?

Mimi ni msanii wa sauti. Nalisema hilo kwa heshima zote, na landilodi akiuliza nalisema polepole zaidi. Zile sauti nene za matangazo ya benki, zile zinazosimulia filamu za simba, ile inayokwambia salio lako halitoshi: hao wote ni watu, na watu hao hulipwa. Mwaka jana nikaamua nami nilipwe. Kila mtu alikuwa ameniambia nina sauti. Mwalimu wa kwaya alisema. Makanga wa steji ya Kondele, hapa Kisumu, alisema, ingawa yeye alitaka nimsaidie kuita abiria.

Studio moja mjini ilitaka shilingi 8,000 kwa sampuli ya dakika moja na nusu. Kwa pesa hizo mimi naongea hadi Krismasi. Kituo kimoja cha redio kilichukua namba yangu, nadhani bado wanaitazama. Mteja wa mtandaoni alitaka Kiswahili "sanifu lakini cha mtaani, cha furaha lakini chenye majonzi kidogo". Mwingine alitaka nimsomee sentensi 1,000 bure ili kompyuta yake ijifunze kuongea kama mimi. Yaani nimfunze kazi anayekuja kuninyang'anya kazi, na bando ninunue mimi.

Basi nikajijengea studio. Maikrofoni niliipata soko la Kibuye siku ya Jumapili, ya mtumba, ya aina ile nyeti. Nilidhani unyeti ni sifa. Hiyo kitu inasikia friji ya jirani. Inasikia wale ndege kwarara wakipita juu wakilia kama watu wanaodaiwa. Wenye vitabu vya kusikiliza wanataka kelele za chumba zisizidi desibeli 60 chini ya sifuri, yaani karibu kimya kabisa. Mimi naishi Manyatta chini ya mabati, na mvua ya saa kumi ikianza hata mawazo yangu siyasikii. Mwangwi huuawa na kitambaa kizito, kwa hivyo nikaning'iniza blanketi langu la bodingi, lile la kijivu, kutoka waya wa neti hadi mgongo wa kiti. Na ili P na B zisipasuke, unavuta soksi ndefu ya mwanamke juu ya waya wa henga na kuiweka mbele ya mdomo. Niliinunua mwenyewe pale soko la Jubilee. Muuzaji akaniuliza navaa saizi gani.

Mteja wa kwanza mwenye pesa mkononi alikuwa muuza dawa ya panya. Alikuja saa saba mchana, saa ambayo Kisumu hata mbwa haongei. Maikrofoni yangu aliiangalia mara moja akaisukuma kando. Alitaka nirekodi moja kwa moja kwenye kile kipaza sauti chake cha kubeba begani, na alikataa kukiachilia kwa sababu ndio mtaji. Kwa hivyo tukaingia chini ya blanketi wawili.

"Je, wasumbuliwa na panya?" nikaanza, kwa sauti yangu ya simba.

"Omera," akasema, "huyo panya unamuua ama unamzika?"

Nikaongeza uchangamfu.

"Sasa unamkaribisha chai. Halafu huyu Wasumbuliwa ni nani? Kondele nzima hakuna mtu anaitwa hivyo."

Nikavumilia. Mteja ni mfalme, hata akinuka dawa ya mende. Tukakubaliana maneno yawe mafupi: panya kwisha, mende kwisha, kunguni kwisha, shilingi hamsini tu. Sasa ona njama hiyo. Kijaluo chetu hakina "sh". Miezi mitatu nimesimama mbele ya kioo nikisema shangazi ashona shati, shangazi ashona shati, hadi ulimi ukanyooka. Lakini ulimi hunyooka kwenye kivuli. Chini ya blanketi, jasho likiingia machoni, nikasikia mtu akisema "panya kwisa" na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikaomba nirekebishe hiyo "sh". Akakataa. "Wacha hivyo, watu wajue ni kijana wa hapa."

Ndipo blanketi likafunuliwa. Landilodi. Akakuta wanaume wawili wazima, wamelowa, wameinamiana, na soksi ya mwanamke katikati.

"Tunarekodi," nikasema.

"Kodi," akasema, "ndiyo nimefuata."

Alipoondoka na ahadi, tukarudia mara ya tisa. Hiyo ilitoka safi, sauti imetulia, P zimelala, na mwisho kabisa, baada ya "silingi hamsini tu", Mama Akinyi wa mlango wa pili akafoka: "Na utoe hiyo sufuria nje kabla nije!" Nikashika kichwa. Mteja akaruka kwa furaha. Alisema hapo ndipo tangazo lina familia.

Akanilipa shilingi 200 na pakiti nne za sumu.

Mia mbili! Sauti hiyo sasa imenakiliwa, nimehesabu wauzaji watano, inaanza alfajiri na hailali, inapita Kondele, inapita Mamboleo, inapita chini ya dirisha la mtu aliyelipwa mara moja. Nikimsimamisha mwenye nayo ananiuliza, "Kwani umechoka?" Sijachoka, bwana, kilichochoka ni mfuko! Na Mama Akinyi naye anadai nusu yake. Anasema watu sokoni wanamgeukia akifungua mdomo, na kwamba bila yeye tangazo halina mwisho. Sina la kumjibu. Ni kweli halina.

Jioni mama amenipigia kutoka Ahero. Yeye amewaambia akina mama wa kanisani kwamba mwanawe yuko redioni.

"Nimekusikia leo sokoni," akasema. Nikanyamaza. "Ulikuwa unasema kwa nguvu. Ile dawa inafanya kazi?"

Nikamwambia sijui, mama, mimi ni sauti tu.

"Basi nitumie pakiti mbili, wanamaliza mchele. Unaniuzia ngapi?"

"Hamsini."

"Hata mamako?"

Nimeenda steji kumtumia bure. Makanga anataka shilingi 100 kubeba bahasha inayoingia kwenye mfuko wa shati. Nikamuuliza kwani hiyo pakiti inakaa kiti? Akasema ni sumu, inakaa mbele.