Nafasi ya kumi ya Bruno Latour

Mwaka 2009 jarida la Uingereza, Times Higher Education, lilichapisha orodha ya waandishi wa vitabu waliorejelewa zaidi (yaani waliotajwa na wengine kama chanzo katika majarida ya kitaaluma) mwaka 2007 katika sayansi za jamii na sanaa. Nafasi tatu za juu zilishikwa na Wafaransa watupu: Michel Foucault, aliyerejelewa mara 2,521, kisha Pierre Bourdieu na Jacques Derrida. Wote walikuwa wameshafariki. Mfaransa wa nne, Bruno Latour, mwanafalsafa na mwanasosholojia wa sayansi, alikuwa hai bado: nafasi ya kumi, mara 944.

Latour alifariki Oktoba 2022, na bado kuna wanaomtambulisha kwa namba hiyo, kana kwamba inatosha kueleza uzito wake. Mimi sikubali, na sababu ya kwanza alinipa Latour mwenyewe. Kuanzia 1975 alikaa karibu miaka miwili katika maabara ya mwanabiolojia Roger Guillemin, kwenye taasisi ya utafiti wa biolojia ya Salk, California, akiwachunguza wanasayansi kama mwanaanthropolojia anavyochunguza kijiji. Akaona makala inavyoleta sifa, sifa ikaleta fedha na vifaa, na vifaa vikazaa makala nyingine. Kurejelewa ni sehemu ya mzunguko huo. Tena hesabu haiulizi umetajwa kwa heri au kwa shari: wanafizikia Alan Sokal na Jean Bricmont walimshambulia vikali kitabuni mwaka 1997, na shambulio la namna hiyo, likiwa kwenye jarida linalohesabiwa, huongeza idadi sawasawa na sifa.

Halafu kuna lugha. Kitabu kilichotokana na maabara ile, alichoandika pamoja na mwanasosholojia Steve Woolgar, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1979. Wafaransa walikipata kwa lugha yao mwaka 1988. Majarida yanayohesabiwa mengi ni ya Kiingereza, na naamini angeandika Kifaransa tu asingeingia kumi bora, hata kwa mawazo yaleyale.

Lakini kinachoniuma zaidi ni Abidjan. Kabla ya California, Latour alifanya utafiti katika jiji hilo la Côte d'Ivoire kwa taasisi ya utafiti ya Kifaransa, ORSTOM, akitaka kujua kwa nini makampuni ya Kifaransa yalikawia kuwapa wenyeji vyeo vya uongozi. Wazungu walisema Mwafrika hana akili ya kiufundi. Yeye akaenda kutazama mafunzo yenyewe, akakuta vijana wanachoreshwa mitambo kwenye karatasi kabla hawajaizoea kwa mikono. Tatizo lilikuwa kwenye ufundishaji na kwenye makampuni, wala si vichwani mwa vijana wale. Ripoti hiyo ya 1974 iliandikwa kwa Kifaransa, na si hiyo iliyompandisha hadi nafasi ya kumi.

Mhadhiri wa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake Latour, ningemsihi aanze na ripoti hiyo. Vitabu maarufu vifuate baadaye.