"Sawa, lakini kazi?"

Majuzi nilikuwa kwenye sendofu nimekaa meza moja na watu nisiowajua, mzee wa pembeni akaniuliza we kijana unajishughulisha na nini, nikamjibu mimi mshairi. Akatikisa kichwa, akapiga fundo la soda, akauliza tena: "Sawa, lakini kazi?"

Tangu siku hiyo najiuliza hili neno mshairi mtu alitamke au libaki mfukoni.

Wanaosema nyamaza wana hoja nzito. Kwetu umalenga, yaani sifa ya mtunzi mahiri, hujipi, unapewa, anaejiita malenga ni kama anaejiita mrembo, hata kama ni kweli si asubiri basi asemwe. Shaaban Robert na ushairi wake wote, toka 1926 alikuwa karani wa forodha. Sheikh Amri Abeid ndo kabisa, 1954 katoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi ambacho mpaka leo watu wanagombana nacho kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi za mstari, ila watu wanamuita Sheikh, akaja kuwa meya wa Dar, akaja kuwa waziri, ushairi haukuwa utambulisho wake wa kwanza.

Halafu neno lenyewe lina mtego. Mwambie kijana unaandika mashairi, anakuuliza unamwandikia msanii gani wa Bongo Fleva. Mwambie mzee, anaanza kukuhesabia vidoleni, nane kwa nane, kina cha kati kiko wapi, na kama unaandika mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, ndo umekwisha maana huo ugomvi upo toka mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi hayo 1974 na sidhani kama utaisha kwenye meza ya pilau.

Ila sasa njoo upande wa pili, hapa ndo pananiuma. MC anajiita MC toka siku ya kwanza na maiki kaazima. Mpiga picha hivohivo. Sisi tunaojibu "aah natungatunga tu" ndo tunapigiwa simu usiku wa kuamkia shughuli, kaka tufanyie beti tano za bibi harusi, na malipo ni sahani ya chakula na asante nyingi. Usipojitaja, nani atakulipa kwa kitu ambacho mwenyewe unakiita mchezo?

Na tusisingizie sana wazee kwamba walikuwa wanyenyekevu, magazetini huko watunzi walijipachika lakabu nzito bila haya, mtunzi Andanenga anajulikana kama Sauti ya Kiza mpaka leo. Tofauti naiona moja tu. Lakabu ilikuwa inakaa na shairi, msomaji beti anazo mbele yake, kama jina limezidi kazi anaona mwenyewe. Mimi mezani pale nilileta jina peke yake, shahidi nimemuacha nyumbani kwenye daftari, mzee wa watu angejuaje?

Kwa hiyo mi nimeegemea hapa: palipo na kazi ya kutunga sema mshairi, tena kwa sauti, na bei taja hapohapo kabla hawajakuita mdogo wetu. Kwingine sema "natunga". Hicho ni kitendo, kama jana usiku ulitunga basi hujamdanganya mtu.

Yule mzee nilimwambia nafundisha sekondari, na ni kweli nafundisha. Akafurahi kweli, akavuta kiti karibu, akaanza kunielezea mjukuu wake aliefeli hesabu.