Jiwe la Tabaka lipakwe rangi au liachwe?

Mezani pa muuzaji mmoja wa vinyago hapa Kisumu kuna viboko wawili wa mawe, kila mmoja mkubwa kama ngumi. Wamechongwa na mkono mmoja. Ukitazama masikio na mkunjo wa shingo hutabisha. Mmoja ameachwa na rangi ya jiwe lake, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, akapakwa nta akang'aa. Mwenzake ni samawati iliyokolea, na juu ya samawati hiyo mtu amekwaruza vitone, majani na samaki wadogo, vyote vyeupe. Wa samawati ndiye anayenunuliwa. Juzi nilisimama pale karibu saa nzima, na watoto waliopita na mama zao walimnyooshea kidole yeye tu.

Mzee mmoja aliyekuwa ameleta mzigo kutoka Tabaka, kwenye machimbo ya mawe huko Kisii, hakufurahi. "Tunahangaika na jiwe, halafu mnalivisha leso," alisema. Mama mwenye meza alikuwa akifunga sahani kwa karatasi za magazeti, na hakuinua macho. "Mzee wangu, hiyo leso ndiyo inakurudishia nauli."

Mabishano hayo nimeyasikia Kisumu, nimeyasikia Kisii, na nimeyasikia kwenye vibanda vya barabara ya Nakuru ambako vinyago vya Tabaka hupangwa kando ya ngozi za kondoo. Kila mara huishia hapo hapo: mmoja anasema sanaa, mwingine anasema tumbo. Naona pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyojitetea, na ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza jiwe lenyewe. Tabaka iko South Mugirango, kaunti ya Kisii, na jiwe la huko ni laini kiasi kwamba unalikata kwa msumeno, unalichonga kwa panga, kisha unamalizia kwa kisu. Wachimbaji hulitoa ardhini kwa sululu, jembe na mtalimbo. Jeupe ndilo jingi. Lipo la manjano, lipo la kijivu, lipo linalokaribia weusi, na lipo la waridi ambalo wachongaji hulitaja kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anavyomtaja binti aliyefaulu. Kwa kawaida wanaume ndio wachongaji. Kisha kazi inaingia mikononi mwa wanawake, wanaokaa na karai la maji na kupiga msasa, wakianza na ule mkali na kumalizia na ule laini. Maji hutuliza vumbi na kufanya uso wa jiwe uwe nyororo kama shavu la mtoto. Baada ya hapo njia zinagawanyika: nta moja kwa moja, au rangi kwanza.

Wanaotaka jiwe liachwe huanza na hoja ambayo siwezi kuipuuza. Jiwe la waridi lina mishipa. Mchongaji stadi huisoma mishipa hiyo kabla ya kushika panga, akaamua mgongo wa mnyama upite wapi ili mstari mwekundu uufuate. Hayo ni maamuzi ya msanii, na rangi ya kupaka huyafuta kwa dakika moja. Mwaka 1934 mchongaji Mwingereza Henry Moore aliandika kwamba kila malighafi ina sifa zake, na kwamba jiwe lisilazimishwe kuiga ulaini wa nyama. Wazo hilo lilienea sana katika sanaa ya karne iliyopita, lakini mzee wa Tabaka hakulihitaji kutoka kwa Moore. Amelipata machimboni, mvua ikimnyeshea.

Upande huo una shahidi mkubwa pia. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, ndiye aliyelitoa jiwe hili kwenye meza za zawadi na kulifikisha kwenye viwanja vya dunia. Ndege wake wa Amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Ukubwa, umbo na jiwe lenyewe ndivyo vinavyozungumza katika kazi zake. Kijana wa Tabaka akiambiwa kwamba jiwe halivutii bila samawati, ana haki ya kumtaja Ong'esa.

Halafu kuna jambo la matumizi. Rangi zinazotumika ni zile za unga za viwandani, ukoo ulioanza London mwaka 1856, pale kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alipojaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria akapata zambarau badala yake. (Sisi wa kando ya ziwa, ambao malaria tunaijua kama jirani, tungependelea angepata kwinini.) Rangi nyingi za aina hiyo hupauka zikikaa juani. Jiwe lenyewe halipauki hivyo. Na bakuli lililopakwa rangi hadi ndani mimi siwezi kumwekea mtoto maembe yaliyokatwa. Litabaki kuwa pambo la mezani.

Kufikia hapo karibu nimkubalie mzee. Lakini nageuka nimtazame yule kiboko wa samawati, na naona jambo ambalo wanaotetea rangi hawalitaji kamwe.

Rangi haizami ndani ya jiwe. Inakaa juu, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ndiyo maana ncha ya kisu ikipita inaacha mstari mweupe. Na mstari huo haufutiki. Mchoraji wa karatasi ana kifutio, mchoraji wa turubai anaweza kupaka upya juu ya kosa, lakini anayekwaruza jiwe akiteleza ameteleza. Lazima aone samaki mzima kichwani kabla ya kugusa, tena kwenye uso uliopinda, mgongoni mwa kiboko, huku mkono mwingine ukikizungusha kinyago. Hiyo ni michoro. Wengi wanaoifanya ni wanawake na vijana, watu ambao katika mgawanyo wa kazi wa zamani wa Tabaka walipewa msasa na karai, wakaishia hapo. Rangi iliwapa uso wa kuchorea. Anayesema rangi inaharibu sanaa anasema, bila kukusudia, kwamba sanaa ni ile iliyofanywa kabla jiwe halijawafikia wao.

Na hilo la kwamba rangi ni mambo ya watalii, mageni kwetu, silikubali hata kidogo. Nenda vijijini huku magharibi mwezi wa Desemba, kabla watu hawajafika kutoka Nairobi. Mahali nyumba za udongo zilipobaki utaona akina mama wakisiriba kuta: udongo mwekundu chini, majivu au udongo mweupe juu, mstari mweusi katikati, wengine wakichora maua na pembe tatu kuzunguka mlango. Hakuna mtalii aliyeagiza. Nenda Dunga ufukweni uone mashua za wavuvi zilivyopakwa rangi ubavuni na majina yalivyoandikwa kwa fahari. Mtu wa huku akipewa uso mtupu ataujaza. Kwa hiyo yule aliyekwaruza samaki mgongoni mwa kiboko hakuacha mila. Aliendelea na ile ya mamake.

Nakumbuka pia kilichotokea kwa marumaru ya Wagiriki. Kwa karne nyingi Ulaya iliamini kwamba sanamu za kale zilikuwa nyeupe tupu, na ikafundisha kwamba weupe huo ndio usafi wa sanaa. Kumbe zilipakwa rangi nyekundu, buluu na dhahabu, zikazipoteza rangi hizo kwa mvua na miaka. Imani ile ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1937 na 1938, katika jumba la British Museum, wafanyakazi walizikwangua baadhi ya sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, kwa vyombo vya shaba ili ziwe nyeupe jinsi ilivyodhaniwa zinapaswa kuwa. Waliharibu uso wa asili wakitafuta asili. Basi mnunuzi wa nje anapoandika kwamba anataka vinyago vya Kisii vyenye "mwonekano wa asili" tu, huwa najiuliza ni asili ya nani. Hata nta ni vazi. Jiwe la waridi likiwa kavu, limepigwa msasa na halijapakwa kitu, limefifia kama chaki. Nta ndiyo huliamsha rangi. Hakuna anayeiuza kazi yake uchi.

Kwa hiyo swali la rangi au bila rangi, likiulizwa hivyo, naona limeulizwa vibaya. Mambo mawili yaliyonipata ndiyo yaliyonifundisha kuliuliza upya.

La kwanza ni sahani. Miaka michache iliyopita nilinunua sahani nyekundu yenye umbo la moyo, twiga wawili wamekwaruzwa katikati, nikampa dadangu aliyekuwa anaolewa. Aliiosha mara moja, na pale rangi ilipotoka ulionekana ufa uliokuwa umezibwa kwa gundi na unga wa jiwe. Twiga walikuwa wazuri kweli. Lakini walikuwa wamewekwa pale kama picha inayotundikwa juu ya ukuta uliopasuka, na aliyedhalilishwa zaidi ya dadangu ni yule aliyewachora.

La pili lilinipata juzi hiyo hiyo, pale mezani. Nilimwinua kiboko wa samawati nimtazame chini. Tumboni, mahali ambapo brashi haikufika, jiwe lilikuwa la waridi. Waridi safi, lenye mshipa. Nikamwonyesha mzee. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema oda ilikuja imeandikwa samawati, idadi fulani, na jeupe lilikuwa limeisha siku hiyo. Hakulaumu mtu. Alikipapasa kile kitumbo kwa kidole gumba akakirudisha mezani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba wote wawili, mchongaji na mchoraji, walikuwa wameshindwa kabla hawajaanza kubishana. Rangi iliamuliwa kwenye karatasi na mtu ambaye hajawahi kushika jiwe lile. Angeandika "asili", mwanamke mwenye ncha ya kisu angekosa kazi wiki hiyo. Aliandika "samawati", na jiwe zuri likafunikwa. Ndiyo maana kila meza kuanzia Kisumu hadi Nakuru ina sahani ile ile ya moyo na twiga wale wale wawili. Uchache wa mawazo Tabaka si sababu. Oda ndiyo inayojirudia, dalali akilalia bei, na anayechonga na anayechora hawana nafasi ya kusema "hili lipakwe, hili liachwe."

Msimamo wangu, baada ya yote, unaegemea rangi kuliko nilivyotarajia nilipoanza kulifikiria jambo hili, lakini kwa masharti. Jiwe jeupe lisilo na mshipa ni kama ukurasa. Lipakwe, lichorwe, tena kwa ujasiri zaidi ya twiga. Yuko wapi kamongo, samaki wa ziwani? Iko wapi mashua ya Dunga, uko wapi mgomba wa Kisii, iko wapi mvua ya alasiri inayoshuka kilima cha Kiamwasi kama pazia? Kama tunaacha kisu kizungumze, kizungumze habari za kwetu. Jiwe la waridi na lile jeusi yaachwe, kwa sababu hayo tayari yameshachorwa. Na rangi isipakwe kamwe juu ya ufa. Hili la mwisho sioni kama lina pande mbili.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Kijana wa Tabaka anaweza kuniambia kwamba mimi si wa kumwambia aache jiwe la waridi wakati samawati imeulizwa na ada ya shule inadaiwa. Ni kweli. Simlaumu, na siwezi kumwomba abebe peke yake gharama ya kulinda uzuri ambao sisi wanunuzi hatuko tayari kuulipia. Nakuru iliingizwa mwaka 2021 katika mtandao wa UNESCO wa miji bunifu, upande wa ufundi na sanaa za jadi, na ni heshima kubwa kwa ukanda huu. Lakini heshima hiyo haitamfikia mama wa karai na kisu ikiwa kazi yake itaendelea kusafiri bila jina.

Maana ukivigeuza vinyago vile, wakati mwingine utakuta herufi mbili za mchongaji zimekwaruzwa chini. Sijawahi kukuta za aliyechora. Nilimwuliza mama mwenye meza ni nani aliyewachora samaki wa kiboko wa samawati. Alifikiri kidogo, akamwangalia mzee. Mzee akasema ni mke wa kakake, anaishi nyumba ya tatu kutoka machimboni, na kwamba samaki huwachora bila kuangalia mahali pengine popote, kichwani tu.

Nilimnunua yule kiboko. Nikamwomba mzee atoe kisu chake aandike jina la shemejiye pale tumboni, kwenye waridi. Aliandika herufi zake pia, kando ya zile.