Tafadhali nipigie: wazo ni la nani?

Aliyewahi kuishiwa salio anaijua meseji ile: "Tafadhali nipigie", namba ya mtu, na mara nyingi chini yake tangazo la biashara. Ni huduma ya bure, tumeizoea kiasi kwamba hakuna anayeuliza ilibuniwa na nani. Afrika Kusini waliuliza. Kesi ilifunguliwa mwaka 2008, ikapanda hadi Mahakama ya Katiba mara mbili, na ikamalizika kwa maelewano nje ya mahakama Novemba 2025.

Mlalamikaji ni Nkosana Makate. Mwaka 2000 alikuwa kijana anayejifunza uhasibu ndani ya kampuni ya Vodacom. Mpenzi wake alikuwa anasoma chuo mbali naye, na mara nyingi hakuwa na vocha ya kumpigia. Novemba mwaka huo Makate aliandika wazo lake: asiye na salio aweze kutuma ombi la kupigiwa. Alielekezwa kwa Philip Geissler, mkurugenzi wa ubunifu wa bidhaa, wakakubaliana kwa mdomo. Huduma ijaribiwe, ikiingiza pesa, Makate apate mgawo, kiwango wakijadili baadaye, wakishindwana, mkurugenzi mtendaji aamue. Machi 2001 huduma ilikuwa hewani, na jarida la ndani la kampuni likamshukuru kijana huyo kwa wazo lake. Mgawo hakuuona. Baadaye Alan Knott-Craig, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wakati ule, akaandika katika kitabu cha maisha yake kwamba aliyebuni wazo hilo ni yeye Knott-Craig.

Wengi wakisikia kisa hiki husema moja kwa moja kwamba kaibiwa hakimiliki. Hapo ndipo mjadala wetu hupotea njia, kwa sababu kwa sheria ya hakimiliki Makate hakuwa na kesi hata kidogo. Mkataba wa kimataifa wa haki za ubunifu, TRIPS, unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema wazi kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, na wazo lenyewe haliguswi. Maneno ya hadithi yako yana ulinzi, na vivyo hivyo msimbo wa programu uliouandika na wimbo uliourekodi. Lakini "mtu asiye na salio aombe apigiwe" ni wazo tupu. Njia nyingine ingekuwa hataza (patent), yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ambayo lazima uiombe, uonyeshe kwamba jambo ni jipya na ueleze linavyofanya kazi. Makate hakuwa nayo. Tena kampuni shindani ya MTN ilishaingiza huduma inayofanana sokoni Januari 2001, iliyobuniwa na Ari Kahn, majuma machache kabla ya Vodacom.

Nakubaliana na sheria katika hili, wala si kwa shingo upande. Tazama status ya WhatsApp, ile ya picha inayotoweka baada ya saa 24. Snapchat walianza nayo mwaka 2013 wakaiita Stories. Instagram wakaichukua Agosti 2016 hata jina hawakubadilisha, na bosi wao Kevin Systrom akakiri hadharani kwamba sifa ni ya Snapchat. Februari 2017 ikafika WhatsApp. Leo mama anayeuza vitenge anatundika bidhaa zake hapo kila asubuhi bila kulipia duka. Kama Snapchat wangekuwa na haki ya kulimiliki wazo lile, yeye angeachwa nje. Na tujiulize pia: wazo la kuomba upigiwe lilianzia wapi? Kabla ya kampuni yoyote, watu walikuwa wanabipu. Unaita mara moja, unakata, mwenzako anaelewa. Ubunifu ule ulikuwa wa umma wa watu waliobanwa na bei ya muda wa maongezi.

M-Pesa ina historia ya namna hiyo. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walipoijaribu Kenya, lengo la mwanzo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikasimama juu ya matumizi hayo. Nani atawaorodhesha wateja hao awape mgawo? Haiwezekani, na anayejaribu kuliwekea uzio kila wazo atajikuta anawafungia nje hao hao waliolianzisha.

Basi Makate alikuwa anadai nini? Alidai ahadi. Ndiyo maana kesi yake naiona ya haki, ingawa wazo halina mwenyewe. Hakulipeleka wazo sokoni likaokotwa. Alilikabidhi kwa mtu mwenye cheo, kwa masharti, na masharti yakakubaliwa. Kampuni ilijitetea kwamba Geissler hakuwa na mamlaka ya kuifunga kampuni kwa mkataba kama ule, na kwamba dai limechelewa mno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilikubali kwamba makubaliano yalikuwepo, lakini ikamnyima ushindi kwa hoja hizo. Mahakama ya Katiba ikaupindua uamuzi huo Aprili 2016: mtu uliyempa cheo na ofisi hadi mfanyakazi mdogo akaamini anaweza kukusemea, huwezi kumkana baada ya faida kuingia. Hoja hiyo ina uzito kuliko mabishano yote ya nani aliwaza kwanza.

Ninaposita ni kwenye kiasi. Mkurugenzi mtendaji Shameel Joosub, aliyepewa kazi ya kuamua baada ya pande mbili kushindwana, alitaja randi milioni 47 mwaka 2019. Makate akakataa. Februari 2024 Mahakama Kuu ya Rufani ikasema alipwe asilimia 5 hadi 7.5 ya mapato yaliyotokana na huduma hiyo, hesabu iliyofika mabilioni. Kampuni ina hoja hapa. Minara ilijengwa kwa mtaji wake, na si kila simu iliyopigwa baada ya "tafadhali nipigie" isingepigwa bila meseji ile. Nyingine zingepigwa jioni au baada ya kubipiwa. Lakini aliyeshika vitabu vya mapato ni kampuni, na ugumu wa kuhesabu ulikua kila mwaka ambao haikulipa. Julai 2025 Mahakama ya Katiba iliufuta uamuzi wa 2024 na kuagiza rufaa isikilizwe upya. Kabla haijasikilizwa, wakapatana.

Vijana wetu wako kwenye hatari hiyo hiyo, tena wao huikubali kwa kubonyeza kitufe. Mashindano ya ubunifu yanawaita walete mawazo ya programu za simu, na kwenye vigezo na masharti, maandishi madogo, mara nyingine imeandikwa kwamba kila kitakachowasilishwa kinakuwa mali ya mwandaaji. Sidai sheria ibadilishwe ili mawazo yamilikiwe. Nadai anayealika mawazo alazimike kusema kwa maandishi, kabla hajapokea hata moja, atamlipa nini mleta wazo akilitumia.

Karatasi moja inatosha: nani amekabidhi nini, tarehe gani, asilimia ngapi, ya mapato au ya faida, kwa miaka mingapi, na nani ataruhusiwa kukagua hesabu. Kuna mstari mmoja zaidi ambao ungemsaidia sana Makate mwaka 2000: wakishindwana, mwamuzi atoke nje ya kampuni.