Lubumbashi ifukuze milipuko ya gama, au iiache?

Tarehe 9 Oktoba 2022, kwetu ikiwa saa tisa na robo alasiri, satelaiti ya Fermi ilinasa mlipuko wa miale ya gama (mwanga usioonekana kwa macho, wenye nguvu kuliko mwanga mwingine wote) uliokuwa mkali kuliko milipuko yote ya aina hiyo iliyowahi kupimwa. Mlipuko huo, GRB 221009A (herufi za jina lake la Kiingereza, kisha tarehe), ulitoka umbali wa miaka ya mwanga bilioni 2 hivi. Hapa Lubumbashi jua lilikuwa bado kali. Lakini lilipotua, sehemu ile ya anga ilikuwa juu sana upande wa kaskazini, tayari kutazamwa kwa saa kadhaa.

Hiyo ndiyo hoja kuu ya vijana wa mtaa wa Katuba ninaowafahamu. Wana darubini ya sentimita 20 juu ya paa, na wanataka ianze kufukuza milipuko hii. Mwalimu wao wa fizikia hataki: anaona ni kupoteza usiku mzuri.

Mlipuko wenyewe huisha kwa sekunde au dakika chache. Kinachofuata ni mwanga unaotokea vitu vilivyorushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga vinapogonga gesi. Nao haukusubiri: kwa kawaida muda ukizidi mara kumi, mwanga hushuka hadi sehemu ya kumi, au chini ya hapo. Si kama mbabula, jiko letu la mkaa, ambayo ukiipepea makala yanawaka tena.

Kwa hiyo kuwahi kunaweza kushinda ukubwa. Mwaka 1999 kule Los Alamos, Marekani, mtambo wa ROTSE, ambao ulikuwa lenzi nne za kamera zilizofungwa pamoja, ulipiga picha ya GRB 990123 sekunde 22 tu baada ya mlipuko kuanza. Mwaka 2003 Berto Monard, asiye mwanaanga wa kuajiriwa, aligundua mwanga wa GRB 030725 akiwa Pretoria, kwa darubini ya sentimita 30. Vijana wanamtaja Monard kama wengine wanavyotaja wachezaji wa Mazembe.

Mwalimu anajibu kwa hesabu. Satelaiti ya Swift, iliyorushwa 2004, hukamata milipuko kama 90 kwa mwaka. Toa nusu inayotokea kwetu kukiwa mchana, toa iliyo chini ya upeo, toa miezi ya mvua kuanzia Novemba, toa ile hafifu mno. Mimi nikipiga hesabu hiyo nabaki na mmoja au miwili. Tena umbali haujulikani bila kuuchanguachangua mwanga rangi kwa rangi, kazi inayotaka kioo kikubwa: mara ya kwanza, Mei 1997, ilihitaji darubini ya Keck ya mita 10. Na kituo cha darubini cha Sutherland, Afrika Kusini, kiko karibu kwenye longitudo yetu, usiku wao na wetu ni mmoja, kikiwa na vyombo ambavyo hatuviwezi hata kwa ndoto.

Kuhusu Sutherland simfuati. Mawingu yao huja hasa majira ya baridi, wakati sisi tuko katikati ya kiangazi na anga ni jeupe wiki baada ya wiki (moshi wa nyasi zinazochomwa mwezi wa nane ni kesi nyingine). Halafu sisi tuko karibu na ikweta zaidi, tunaona sehemu za kaskazini ambazo kwao zinagusa vilima.

Lakini nilikuwepo juu ya paa usiku mmoja wa Julai, tangazo la Swift lilipoingia kwenye simu. Kijana mmoja alisoma namba kwa sauti, mwingine akazungusha darubini kwa mkono, wa tatu akamulika ramani kwa tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Dakika arobaini zilipita kabla hawajapata nyota walizozitaka. Wakafungua kamera, umeme ukakatika, mota inayoifanya darubini ifuate nyota ikasimama. Kwenye picha kila nyota ilikuwa kistari kirefu.

Basi kwa maoni yangu wote wawili wanagombania kisicho tatizo. Kioo kinatosha. Kinachokosekana ni betri na mota inayoelekeza darubini yenyewe bila kusubiri mkono wa mtu. Bila hivyo mwalimu ana haki, wakae na nyota zinazobadilika mwanga polepole, ambazo hazijali umeme ukikatika nusu saa. Vikipatikana, kufukuza mlipuko mmoja hakutawaondolea zaidi ya saa moja ya kazi hiyo.

Vijana wameanza kuchangia betri. Mwalimu hajachanga, ila amesema tangazo likiingia kabla ya saa nne usiku, apigiwe simu.