Maji ya Mbeya hayachemki kwa nyuzi 100

Chemsha maji kwenye maabara yoyote ya shule jijini Mbeya, tumbukiza kipimajoto, na kitasoma nyuzi 94 hivi. Kitabu kinasema 100. Mwalimu ambaye hajawahi kupima mahali pengine ataamini kipimajoto ni kibovu au watoto wamesoma vibaya, na darasa zima litaandika 100 ili lipate alama.

Hapo somo limeuawa, maana 94 ndilo jibu sahihi. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji hayahitaji joto lote lile ili yatokote. Kwa makadirio, ukipanda mita 300 unapoteza nyuzi moja.

Ndiyo maana nasisitiza mwalimu wa sayansi aende akapime mwenyewe kwanza. Nyanda za juu kusini zina ngazi ya ajabu: Kyela kando ya Ziwa Nyasa ni kama mita 500, Mbeya 1,700, Kitulo inafika 2,600. Kipimajoto kimoja, sufuria moja, mtungi mdogo wa gesi, Jumamosi mbili. Atarudi na takriban 98, 94 na 91, na wanafunzi watachora grafu kwa namba ambazo yeye anajua zilivyopatikana.

Kuzipata kuna kazi yake. Maji nusu lita yanatosha. Balbu ya kipimajoto ikae katikati ya maji bila kugusa kitako cha sufuria, kwani kitako kina joto kuliko maji. Viputo vidogo vya mwanzo visikudanganye. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji. Subiri yatokote kwelikweli, kisha soma mara tatu, kila baada ya dakika moja, jicho likiwa sawa na mstari. Kule Kitulo upepo ni adui mkubwa: moto ukipeperushwa, maji hufuka mvuke tu bila kutokota, nawe utaandika 88 ukidhani ni mwinuko. Zungushia jiko mawe au kipande cha bati.

Barabara nayo huharibu. Mitikisiko ya gari hukata mstari mwekundu wa spiriti, kipande kikang'ang'ania juu, na mstari uliobaki ukasoma pungufu. Kipimajoto kisafirishwe wima ndani ya bomba lenye pamba, na kabla ya kupima kiangaliwe kwenye mwanga. Mstari ukikatika, usikipashe kipimajoto moto, kitapasuka. Zamisha balbu kwenye barafu iliyotiwa chumvi mpaka spiriti yote ishuke na kuungana. Mwalimu aliyepambana na hilo njiani, mwanafunzi akimletea 87, hamgombezi. Anakiomba kipimajoto akitazame.

Na maswali hubadilika. Mtoto atauliza kama ndiyo sababu maharage ya kwao yanakula mkaa hivi, na kwa nini sufuria ya presha huyamaliza upesi. Ndiyo hiyo: presha inarudisha mgandamizo ambao mlima umeuondoa, maji yanapata moto zaidi. Magadi ni habari nyingine, yale hulainisha harage lenyewe.

Hali ni hiyo hiyo kwa Kimondo cha Mbozi. Aliyekwenda na sumaku iliyofungwa kwenye uzi, akaiona ikivutwa na lile bonge la tani zipatazo 16, ataeleza chuma na nikeli kwa namna ambayo picha ya kitabuni haiwezi.

Najua hoja ya fedha. Kusafirisha wanafunzi 60 ni mzigo kweli, lakini nauli ya mwalimu mmoja si basi zima. Asiyeweza kufika Kitulo awasiliane na mwenzake anayefundisha Makete, wapime siku moja, wapeane namba. Kabla ya hapo kila mmoja atumbukize kipimajoto chake kwenye barafu inayoyeyuka. Barafu, tofauti na maji yanayochemka, haijali mlima kiasi cha kuonekana. Huko kote kipimajoto kinapaswa kusoma sifuri. Kikisoma 2, basi 2 hizo zitolewe kwenye kila namba kabla ya kuitia kwenye grafu.